Alizeti, ubuyu, nazi au nyonyo: uchague mafuta gani kwa zeri ya ngozi ukiwa Dodoma

Maelekezo mengi ya mafuta ya ngozi yanayozunguka kwenye simu zetu yametungwa na watu wa pwani, au wa nchi ambazo hewa yake ina unyevu mwaka mzima. Ukiyafuata yalivyo hapa Dodoma, hasa kati ya Juni na Septemba upepo ukivuma na vumbi likitanda, unajipaka asubuhi na saa nne miguu imeshapauka. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yetu ni milimita 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa inanyonya maji kwenye ngozi usiku na mchana.

Kwa hiyo unapochagua mafuta ya kutengenezea nyumbani, harufu na sifa za mtandaoni ziweke pembeni kwanza. Jiulize mambo mawili: mafuta haya yanaisaidia ngozi kushika maji yake? Na je, nitayapata mapya, safi, kwa bei nitakayoimudu mwezi hadi mwezi?

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa kaya nyingi za Dodoma na Singida, jibu ni alizeti na nta ya nyuki, vikigandishwa pamoja kuwa zeri. Ubuyu nao ni mzuri sana, nazi ina kazi zake, nyonyo ina sehemu yake. Lakini mtu akiniuliza aanzie wapi, namtuma kwenye mashine ya kukamua alizeti iliyo jirani naye.

Alizeti

Alizeti inadharauliwa kwa sababu iko jikoni. Mtu anaikaangia maandazi kila siku, halafu anaona ajabu akiambiwa aipake usoni. Matokeo yake anapita mbele ya madumu ya alizeti iliyokamuliwa wiki hiyo hiyo, anakwenda duka la dawa kununua kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni kilichosafiri kutoka ng'ambo.

Na kwa ngozi kavu, kichupa kile ndicho dhaifu. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na asidi hiyo ndiyo ngozi inayoitumia kujenga utando wa nje unaozuia maji yasitoroke. Zeituni imejaa asidi ya oleiki, ambayo ikizidi hulegeza utando huo. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuyapaka mafuta haya mawili kwenye ngozi za watu wazima: zeituni ilidhoofisha utando, alizeti iliuacha salama na ngozi ikaongeza unyevu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ulitoka utafiti wa Dhaka, Bangladesh, uliofanywa kwa watoto njiti waliolazwa hospitalini. Waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa. Nayataja haya kwa sababu kina mama wengi hapa wanaamini zeituni ndiyo mafuta ya mtoto mchanga, na wanajibana kuinunua. Hawana haja ya kujibana.

Sasa, alizeti ipi? Kuna iliyosafishwa kiwandani, nyeupe na isiyo na harufu, na kuna ghafi inayotoka mashine za mtaani, ya manjano iliyokolea na yenye harufu ya mbegu. Zote zinafaa. Ghafi imebaki na vitamini E yake zaidi, lakini inatoka na mashapo. Iache itulie kwenye chombo kilichofunikwa siku nne au tano, kisha mimina taratibu ile ya juu iliyo angavu, na uichuje kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka kabisa. Yale matope ya chini yaache, maana ndiyo yanayoharakisha mafuta kuharibika.

Udhaifu wa alizeti ni huo huo: huchacha mapema. Linoleiki haipatani na joto, mwanga wala hewa. Zile chupa za plastiki zinazopangwa kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida zinapendeza macho zikiwaka juani, lakini chupa iliyokaa juani wiki mbili si ya kununulia ngozi. Mwombe muuzaji akupe iliyokuwa ndani ya kibanda, kwenye kivuli. Kisha fungua unuse. Alizeti nzima inanuka mbegu, au hainuki kabisa. Iliyochacha inanuka kama rangi ya ukutani, na hiyo hata jikoni usiipeleke. Ukiiweka kwenye chupa ya rangi ya giza, kabatini, hesabu miezi mitatu hadi sita.

Ubuyu

Hapa tuna utajiri tunaoutupa. Mibuyu imejaa Mpwapwa, Kongwa, na kuteremka barabara ya Iringa kuelekea Mtera. Unga tunautia kwenye uji na juisi, lakini mbegu nyingi zinaishia jalalani. Ndani ya mbegu hizo kuna mafuta ya dhahabu yenye mchanganyiko ulio sawia wa asidi tatu: oleiki, linoleiki na palmitiki, hakuna inayozimeza nyingine. Kwenye ngozi hayateleziki sana, yanazama polepole, yanaacha ulaini bila mng'ao. Kwa ngozi ya mtu mzima iliyokomaa na kukauka, hasa viwiko, magoti na nyuma ya mikono, mimi nayaweka juu ya alizeti.

Kinachoyapandisha bei ni gamba. Mbegu ya ubuyu ni ngumu, na mafuta yake ni machache kwa uzito, wakati mbegu nzuri ya alizeti inaweza kuwa na mafuta asilimia 40 hivi. Kwa kinu cha nyumbani utatwanga hadi mikono ikatae na upate kijiko. Ubuyu uachie wenye mashine za kukamua, wewe nunua mafuta. Na zile mbegu zilizobaki baada ya kumumunya ubuyu wa rangi na sukari hazifai kitu.

Kwa kuwa ni ghali, mafuta haya huchanganywa na alizeti na kuuzwa kama ubuyu mtupu. Jaribio moja husaidia: weka kiasi kidogo kwenye friji usiku kucha. Ubuyu halisi huwa mzito na kutuama kama uji mwembamba chini ya chupa, kwa ile palmitiki yake. Alizeti hubaki majimaji, pengine ikafanya utusitusi mwembamba tu. Si kipimo cha maabara, lakini ukikuta chupa ya "ubuyu" imelala kwenye friji na kuamka vile vile, uliza maswali.

Ushauri wangu kwa wanaopenda ubuyu: usiutumie peke yake kwenye zeri ya mwili mzima. Sehemu moja ya ubuyu kwa sehemu tatu za alizeti inatosha kuipa zeri ule ulaini, na mfuko unapumua.

Nazi

Nazi inasafiri kuja kwetu. Inatoka Tanga, Bagamoyo, Mafia na kwingineko pwani, na ikifika hapa imeshaongezeka bei. Naiheshimu kwa mambo mawili. Kwanza nywele: asidi ya lauriki, karibu nusu ya mafuta yote, huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, kazi ambayo alizeti haiiwezi. Pili, haichachi haraka. Kopo la nazi litakaa mwaka kabatini likiwa zima.

Kwenye ngozi habari ni mchanganyiko. Wapo watoto wenye ukurutu mwepesi waliopata nafuu kwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa. Majaribio ya Ufilipino yaliyochapishwa 2014 yalionyesha hivyo. Lakini kwa kijana mwenye chunusi nazi ni balaa, huziba vinyweleo. Na kuna suala la hali ya hewa yetu ambalo watu wa pwani hawalijui: nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25. Dar es Salaam inabaki majimaji karibu muda wote. Hapa asubuhi ya Julai, joto likiwa nyuzi 14, kopo ni jiwe, unachokoa kwa kijiko. Novemba mchana linamwagika kwenye mkoba. Zeri uliyoitengeneza kwa nazi tupu itakusumbua misimu yote miwili.

Ukikamua mwenyewe kwa njia ya tui, chemsha hadi mlio wa maji ukome kabisa na mashapo yawe ya kahawia. Tone la maji likibaki ndani, sifa ile ya kudumu mwaka mzima inapotea.

Nyonyo, mlonge na mengine

Mafuta ya nyonyo ni mazito kuliko yote haya, yananata, na yakipakwa peke yake yanavuta vumbi. Katika mji wenye vumbi kama letu hilo ni tatizo la kweli. Kazi yake nzuri ni kwenye magaga: sehemu moja ndani ya sehemu nne za alizeti, upake usiku, uvae soksi. Kwenye zeri ya midomo pia yanang'arisha. Usikamue nyonyo nyumbani. Mbegu zake zina sumu kali, na watoto huvutiwa na madoadoa yake.

Mlonge ukipata mafuta yake safi yanadumu sana, ila oleiki ni nyingi mno kwa ngozi kavu, kama zeituni. Ufuta unafaa, ila harufu yake si ya kila mtu. Karanga tunazo kwa wingi, lakini siziweki kwenye kitu nitakachompa jirani, kwa sababu wapo watu ambao karanga zinawadhuru vibaya. Kuhusu mbegu za zabibu, wengi huniuliza kwa sababu ya mashamba ya Hombolo na Makutupora: mafuta yamo, lakini ni kidogo na yanataka mtambo. Si kazi ya nyumbani.

Mafuta matupu, zeri, au losheni?

Ukishachagua mafuta, uchaguzi wa pili ni umbo, na hapa ndipo watu wengi hupotea.

Mafuta matupu ndiyo rahisi: unajipaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kabla dakika tatu hazijapita. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Ukijipaka ngozi ikiwa imekauka kabisa, unafungia ukavu.

Zeri ni mafuta yaliyogandishwa kwa nta, na kwa Dodoma ndiyo naipendekeza kuliko zote. Nta inakaa juu ya ngozi, inapunguza kazi ya upepo, na haina maji, kwa hiyo hakuna cha kuotesha ukungu. Nta nzuri inapatikana kwa warina asali wa Kondoa, Manyoni na Tabora. Ikande kidoleni: ya kweli hulainika kwa joto la mkono na kunukia asali, iliyochanganywa na mshumaa huteleza na kupaukia weupe. Wanaotaka mimea mitupu wanaweza kutumia siagi ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda, ingawa zeri itakuwa laini zaidi.

Kipimo changu ni gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta. Oktoba na Novemba ongeza nta hadi gramu 25, la sivyo zeri italegea kopo likiwa mezani. Kwa midomo, 30. Tumia mizani ya jikoni, maana nta ya kukwangua haipimiki vizuri kwa kijiko. Weka nta na mafuta kwenye bakuli la bati, bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Usiweke moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, joto likizidi sana hapo linaharibu mafuta bila faida. Ikishaisha kuyeyuka, chovya kijiko, kiweke juu ya sahani baridi, subiri dakika mbili, kisha bonyeza kwa kidole. Ikiwa ngumu, ongeza mafuta. Ikiwa laini, ongeza nta. Mimina kwenye vikopo vikavu na usivifunike mpaka vipoe kabisa, kwa sababu mvuke ukiganda chini ya kifuniko unadondosha maji ndani.

Losheni ni habari nyingine. Inapendeza, inapakika vizuri, na ndiyo hatari kuliko zote kutengeneza nyumbani. Palipo na maji pana bakteria na ukungu, na huwezi kuwaona siku za mwanzo. Ili losheni ikae salama inahitaji kiunganishi cha kweli na kihifadhi kilichopimwa. Nta peke yake haiunganishi maji na mafuta, na vitamini E haiui vijidudu, inachelewesha mafuta kuchacha tu. Kama huna vitu hivyo na huna mizani ya kupima gramu ndogo, usitengeneze losheni ya kukaa kabatini.

Anayetaka ubaridi wa mshubiri, ambao wengi tunauita alovera, afanye hivi: akate jani, alisimamishe wima dakika 15 ili utomvu wa njano utoke wote, maana ndio unaowasha. Kisha amenye, apake ute mbichi kwenye ngozi, na juu yake apake alizeti. Kilichobaki kikae friji siku mbili tatu, kisha kitupwe. Hapo umepata faida ya losheni bila kuitengeneza.

Vya kuacha nje ya kopo

Ndimu na limau vinasifiwa kung'arisha. Ukipaka ndimu ukatoka kwenye jua letu, kemikali zilizomo hushirikiana na mwanga na kuunguza ngozi; unabaki na malengelenge na mabaka meusi kwa miezi. Magadi na baking soda ni kinyume chake kwa ukali: ngozi ina asidi kidogo, pH kama 5, na vitu hivyo vinaivuruga. Mwarobaini una nafasi yake kwenye mba na fangasi, majani makavu yakilowekwa kwenye mafuta, lakini usiwapake wachanga, na mjamzito auache.

Na tafadhali, mafuta yoyote ya mmea yasikudanganye kwamba yanakinga jua. Yanayoandikwa mtandaoni kuhusu ubuyu au karoti kukinga jua yaacheni. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa sababu saratani ya ngozi inawapata mapema. Wao wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, na kinga iliyopimwa, kama Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Vile vile nayasemea haki mafuta ya mgando ya dukani. Yanafungia maji kwenye ngozi kuliko mafuta yoyote niliyoyataja, ni ya bei ndogo, na ni nadra mtu kudhurika nayo. Kwa mtoto mwenye ukurutu uliochanika, daktari akisema mgando, mpake mgando. Zeri ya alizeti inaushinda kwa kuipa ngozi asidi inayoitumia kujijenga, na kwa kutokunata sana kwenye vumbi.

Nani achague nini

Mtoto mchanga: alizeti iliyosafishwa, tupu, bila manukato. Kijana mwenye chunusi: alizeti kidogo sana usiku, nazi asiisogelee. Mama wa sokoni au fundi anayeshinda kwenye upepo: zeri ya alizeti na nta, kopo moja libaki mfukoni. Mzee mwenye ngozi nyembamba, kavu: ongeza ubuyu. Magaga: nyonyo na alizeti, soksi. Mtu wa nywele: nazi. Yeyote yule, kwanza ajaribu tone moja ndani ya kiwiko na asubiri saa 24 hadi 48.

Ukifika mahali majirani wanaanza kununua, utaratibu unabadilika. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa ya kuuza inatakiwa ipitie kwao. SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, hapa Dodoma ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza kuhusu mafunzo na vifungashio. Hata kabla ya hapo, bandika karatasi kwenye kila kopo: tarehe uliyotengeneza, na mafuta yote yaliyomo kwa majina yake. Kama kuna ufuta, andika ufuta kwa herufi kubwa, mwenye mtoto anayedhuriwa nao auone kabla hajafungua.